Kibali cha Marehemu

Truphena alikuwa ameshafungua kinywa apige nduru, mkono wa mama mkwe wake ukamziba. Ulikuwa mkono mkavu, unanuka moshi wa jikoni, na ulibana kweli, hata meno yakamkata mdomo kwa ndani. Kitandani mumewe Laban alikuwa amelala vile vile alivyolala tangu homa imwangushe, ila sasa kifua hakipandi wala hakishuki.

"Usilie," alisema Benedeta. "Usilie kwanza, mwanangu. Nikikuachia, utanyamaza?"

Truphena aliitikia kwa macho. Alidhani mkwe wake ameingiwa na wazimu wa uchungu, kwa maana aliyelala pale alikuwa mwana wake wa kwanza. Tena huku kwetu mpakani, upande wa Kenya, mtu akikata roho nyumba hulia hapo hapo, jirani akatupa jembe na kuja mbio. Nyumba isiyolia huulizwa imefanya nini.

"Kibali kiko wapi?" mama akauliza.

"Kibali gani, Mama?"

"Cha kazi. Alichokuja nacho Jumamosi."

Kilikuwa kwenye mfuko wa ndani wa koti, kimekunjwa ndani ya leso. Laban alikuwa amekileta akitetemeka kwa homa na kucheka kwa pamoja, akakipitisha mikononi mwa kila mtu kama kitoto kichanga. Mwaka ule wa sitini na tisa Uganda ilikuwa imetangaza kwamba fundi yeyote mgeni hatashika kazi bila kibali, na kibali kina ada yake, inayolipwa kabla mtu hajajua atapewa au atanyimwa. Laban alikuwa fundi wa injini kwenye kiwanda cha kuchambua pamba nje ya Tororo, njia ya Kisoko, na cheti chake alikipata kwenye karakana ya reli. Benedeta mwenyewe alizaliwa Buhehe, ng'ambo ile ile ya Uganda, na wajomba wa Laban wanalima huko mpaka leo. Hilo halikumsaidia kitu. Kwa wajomba zake alikuwa mgeni, na mgeni hulipa.

Ada ile ilikula mtamba na fahali wa nyumba hii, ng'ombe waliokuwa wamewekwa kumalizia mahari ya Leonida, mke wa mdogo wake Laban. Kwa hiyo kibali hakikuwa cha mtu mmoja. Nyumba mbili zilikuwa zikila kutoka kwenye karatasi ile, watoto wa Truphena na wa Leonida, na mama mkongwe juu yao.

"Mwite Osborn," Benedeta alisema.

Osborn, mdogo mtu, alikuwa nje akipasua kuni. Alipoingia aliinama mlangoni kama Laban alivyokuwa akiinama. Walifanana ndugu hawa, paji lile lile, masikio yale yale yaliyochomoza kidogo. Osborn aliwahi kumshikia kaka yake spana misimu miwili huko kiwandani, kabla sheria haijafukuza wasaidizi. Injini aliijua, ila cheti hakuwa nacho, na bila cheti hapewi hata karatasi ya kuombea.

Alimtazama kaka yake, akageuka kutaka kutoka. Mama akamdaka kiwiko.

"Sikilizeni wote wawili. Huko ofisini Laban akifa, kibali kinakufa naye, na ada hawarudishi. Lakini aliyekufa si Laban. Aliyekufa ni Osborn. Laban anarudi kazini Jumatatu ijayo."

Nje kuku alikuwa akiparapara kwenye vipande vya kuni.

"Mama," alisema Osborn, "mimi nipo hai."

"Ndiyo maana naongea na wewe."

Truphena hakubishana habari ya njaa, maana njaa aliijua. Jambo moja tu lilimkaba. "Na mimi mume wangu nitamlia lini?"

Benedeta alimshika mikono yote miwili. Macho yake yalikuwa makavu, na ukavu ule ndio uliomtisha Truphena kuliko maiti yenyewe. "Mwaka ukiisha, kibali kikiisha, tutamlia kwa jina lake. Nakuapia kwa tumbo lililomzaa. Utapiga nduru yako, utavaa koti lake, utanyolewa kama mjane. Nivumilie mwaka mmoja."

Kisha akatoka uani, akaweka mikono kichwani, akapiga nduru iliyosikika mpaka barabarani.

"Osborn wee! Osborn mwanangu! Umeniacha na nani?"

Osborn alisimama mlangoni akisikiliza. Baada ya kitambo akaketi kizingitini, pole pole, kama mtu aliyeambiwa habari mbaya.

Leonida alikuwa kisimani. Alilisikia jina la mume wake likililiwa, akaacha mtungi ukapasuka, akapanda kilima akianguka na kuinuka. Alipofika uani na kumwona Osborn amekaa kizingitini, alicheka kicheko kifupi cha mtu aliyepumbaa. Wakamwambia. Hakuelewa, wakamweleza tena.

"Endelea kulia," mama alimwambia kwa sauti ya chini. "Watu wanakuja."

Leonida akamtazama mume wake usoni, akaendelea kulia.

*

Mtu asidhani kijiji kilidanganywa. Kila aliyefika aliliinamia sanduku, akamwona Laban na kovu lake la kidevuni, akanyanyua kichwa na kutazama wafiwa, halafu macho yakamwangukia Osborn aliyevaa bareti ya kaka yake. Hapo jirani alifikiri. Karibu kila nyumba pale ilikuwa na mtu wake Uganda, wengine wamelipa na wanasubiri, wengine wanajificha kwenye mashamba ya Wapadhola, wenyeji wa Tororo. Wachuuzi nao huvuka kila siku na habari mdomoni. Jirani akishafikiri, alijishika kichwa na kulia, "Osborn wee!" Mwingine akafuata, na mwingine. Mpaka jua linageuka uwanja mzima ulikuwa ukimlia mtu aliyesimama katikati yao akiwapokea mikono.

Mhubiri alisoma jina lililoandikwa. Msalaba uliandikwa OSBORN kwa rangi nyeusi, na rangi ilichuruzika kidogo kwenye herufi ya mwisho.

Leonida alivikwa koti la Osborn, upande wa ndani ukiwa nje, kama mjane anavyovaa. Siku ya kunyoa walimnyoa. Truphena aligawa chai. Alikuwa shemeji wa marehemu tu, na shemeji hulia kwa kiasi, akafuta uso na kuuliza nani hajapata kikombe. Kila alipopita karibu na sanduku alihisi maziwa yanamjaa matitini, ingawa mtoto wake wa mwisho alikuwa ameshaacha kunyonya zamani. Aliona aibu, akajifunga kanga ya pili.

Jirani yao mama Othieno alimshika mkono kwenye kona ya jiko. "Pole, mama Nasirumbi," alinong'ona, akimwita kwa jina la mwanawe wa kwanza, kisha akajikumbuka, akasema kwa sauti, "Msaidie Leonida. Wewe una bahati, wako yupo."

*

Osborn alivuka na baiskeli ya Laban, koti la Laban na kibali cha Laban. Mshahara ulikuja. Kila Jumamosi jioni alirudi na pamba nywele zote, pamba kwenye nyusi na kope, mweupe kama aliyepakwa majivu, na watoto wadogo wakimkimbia mpaka anawe. Alikuwa akilala kwa Leonida, akiingia kwa kunyemelea kwa kuwa watu wasingependa kumwona Laban akiingia kwa mjane wa mdogo wake. Vipande vile vyeupe vya pamba vilibaki kwenye nyasi za njia, na asubuhi Leonida alitoka kuviokota kimoja kimoja.

Masika yalipoanza, mambo yakaanza kuwa mambo. Mjane hashiki mbegu kabla hajatakaswa, kwa hiyo Leonida alikatazwa kupanda, na Truphena akapanda mashamba yote mawili, karanga na mtama. Mvua ilinyesha vizuri. Mashamba ya jirani yakachipua, ya kulia na ya kushoto, mpaka mpakani pa shamba lake, na hapo kijani kikakoma kama kilichokatwa na kisu. Alifukua karanga moja. Ilikuwa nzima, haijaoza wala haijaliwa na mdudu, imelala udongoni vile vile alivyoiweka.

"Mbegu ilikuwa ya zamani," Benedeta alisema.

"Ilikuwa mbegu moja na ya mama Othieno. Tuligawana kibaba."

"Basi ni ndege."

Truphena alikuwa anajua si ndege. Aliyepanda alikuwa mjane, na ardhi haikuwa imesoma kibali cha mtu. Alimwomba Leonida apande tena kwa siri, jembe likiwa la kuazima. Leonida alipanda amevaa koti la ujane, na mbegu zake zikaota kabla wiki haijaisha. Wanawake wale wawili walisimama kwenye tuta wakiangalia majani mapya, na hakuna aliyefurahi.

"Dada," alisema Leonida, "mimi namfulia mume wangu shati, lakini naogopa kusema jina lake hata nikiwa peke yangu. Nikisema nahisi namwita aliye kule." Alionyesha kwa kidevu upande wa kaburi.

"Vumilia. Mwaka si mrefu."

"Jana nilimwita hivyo hivyo. Nilisema Osborn, njoo ule. Alikuwa amekaa karibu tu, hapo na hapo. Hakugeuka."

*

Mwanzoni Osborn alikuwa akimwita Truphena shemeji. Hakuwahi kumwita vingine. Jumamosi moja alipita uani kwake, akagonga mwimo wa mlango kwa konde la kidole, mara mbili, akakohoa, akasema, "Mama Nasirumbi, maji yapo?"

Truphena aliangusha ungo. Laban ndiye aliyegonga hivyo. Laban ndiye aliyekohoa kabla ya kuingia kwake mwenyewe, na Truphena alikuwa akimtania kwa hilo, kwamba anaingia nyumba yake kama mkusanya kodi.

"Shemeji," alisema kwa mkazo, "umenishtua."

Osborn alimtazama kama mtu anayejaribu kukumbuka neno. "Samahani," alisema, akanywa maji kwa kata ya Laban, akaenda zake.

Mwezi ule Osborn alikuja na Ofwono, mtu wa Kisoko, anayelisha pamba kwenye mashine. Ofwono alikuwa kijana mkarimu, ameleta simsim kwenye kifurushi cha majani. Alikula akamsifu mwenyeji wake.

"Mama, bwana yako iko fundi ya kweli," alisema. "Ile wakati ndugu yake nakufa, yeye nanyamaza kabisa. Sisi nasema, huyu naharibika. Hata injini hasikii. Sasa narudi. Nagonga injini na spana, naweka sikio, naimba ile wimbo yake ya kanisa. Laban ya zamani kabisa."

"Anaimba?" Truphena aliuliza.

"Kila siku."

Osborn hakuwa na sauti ya kuimba tangu utoto. Hata kanisani alikuwa akifungua mdomo tu. Truphena alimtazama shemeji yake akimega ugali, mguu wa kushoto ameukunja chini ya paja kama alivyozoea Laban, na akaona hofu ikipanda miguuni mwake kama baridi ya sakafu. Alitaka kumwuliza mbele ya mgeni, wewe ni nani. Badala yake alimwongezea mboga.

Jambo lile lilikuwa limeenea hata nje ya nyumba. Majirani, waliozoea kuliita jina la Laban mbele za wachuuzi tu, sasa waliliita hata wakiwa wenyewe, hata huko mtoni ambako hakuna sikio la Uganda. "Laban hajambo?" walimwuliza Truphena. Alipowatazama machoni kutafuta lile konyezo la mwanzo, hakuliona. Mama Othieno, aliyemnong'oneza pole kwenye kona ya jiko, alimwuliza kwa nini hawaongezi mtoto mwingine.

Jumamosi iliyofuata Osborn aliutua mfuko wake wa nguo kwenye nyumba ya Truphena. Truphena aliwachukua watoto akalala nao jikoni, juu ya magunia, na asubuhi Leonida alikuja akasimama uani akiutazama mfuko ule kupitia mlango ulio wazi.

*

Mwaka ulipokaribia kuisha, kibali kilitakiwa kufanywa upya, na sheria ilikuwa imeongeza neno. Fundi mgeni aje na mke wake kushuhudia kwamba ndiye. Truphena alifurahi aliposikia. Alijiambia kwamba hii ndiyo njia aliyofunguliwa. Atasema hapana, huyu si mume wangu, mume wangu yuko ardhini, na jioni hiyo hiyo atapiga nduru yake.

Ofisi ya vibali Tororo ilikuwa chumba kimoja nyuma ya majengo ya serikali, ule mwamba mkubwa wa mji ukiwa umesimama juu yake kama mtu anayechungulia. Foleni ilizunguka ukuta. Karani alikuwa mmoja, Bwana Ofumbi, mnene, mwenye leso shingoni, na kila mara alitoka mlangoni kuita majina. Mengi hayakuitikiwa. Alikuwa akiita mara tatu kwa sauti ya kanisani, akatazama foleni kwa huzuni, akasema, "Huyu nalipa na hakuja," akageuza jalada na kuita lingine. Kuna jina aliloita ambalo Truphena alilijua. Lilikuwa la mtu wa kijiji chao aliyezikwa wakati wa mavuno.

"Naam," mtu akaitika kutoka nyuma ya foleni, akapita mbele akiinamisha kofia.

Truphena hakuthubutu kumtazama. Alianza kuwatazama wengine mmoja mmoja, wanaume wa Kenya na makoti yasiyowakaa vizuri mabegani, na wake zao kando wakiwa wameshika vitoto na midomo wameifunga. Akajiuliza ni wangapi. Akaacha kujiuliza.

Zamu yao ilifika. Ada ilikuwa imepanda, na Osborn alipouliza sababu Ofumbi alijipepea.

"Bwana, usikasirike na mimi. Serikali nataka hii kazi, lakini pesa ya kazi hakuna. Kampala naleta meza moja, kiti moja, na mimi. Ile ada yenu ndiyo nalipa mshahara yangu, nalipa wino, nalipa gari ya kupeleka faili. Nyinyi wageni ndiyo nalisha ofisi hii. Kama hamkuji, mimi nakufa njaa." Akacheka peke yake. Kisha akahesabu noti kwa mate, na moja akairudisha kwa sababu imechanika pembeni, akasubiri Truphena afungue fundo la kanga na kutoa ile aliyoiweka ya nauli, mbele ya watu wote.

"Mama. Huyu ni bwana yako?"

Ofumbi alifungua jalada palipobandikwa picha, akamsogezea. Truphena alikuwa na neno lake tayari. Aliitazama picha amuage Laban kwanza, atafute lile kovu la kidevuni ambalo Osborn hana.

Picha ilikuwa imefifia kwa jasho la vidole. Kovu halikuonekana. Paji lilikuwa lile, masikio yale. Alimtazama aliyesimama kando yake, akairudia picha, akamtazama tena, na hakuweza kusema ni yupi. Alijaribu kuivuta sura ya mume wake kutoka kichwani mwake, jinsi alivyocheka na kibali mkononi, ikaja ikiwa na pamba kwenye nyusi.

"Mama, nakungoja."

Nyumbani kulikuwa na watoto wa nyumba mbili. "Ndiyo," alisema. "Ni yeye."

"Ni yeye kabisa," Ofumbi alikubali, akapiga muhuri. "Jibu natoka Kampala."

Walirudi kwa mguu mpaka njia panda, kwani nauli ilikuwa imebaki mezani kwa Ofumbi. Osborn alitembea mbele akiimba wimbo wa kanisa kwa sauti nzuri. Truphena alikuja nyuma yake akilia kimya kimya, na alijua kwamba hata machozi yale si ya Laban. Alikuwa akijililia mwenyewe.

*

Jibu lilikuja kabla ya mavuno ya mtama. Ombi limekataliwa. Kiwanda kina mwananchi anayeweza kazi ile, na mwananchi huyo alikuwa Ofwono, aliyefundishwa na fundi mwenyewe kwa moyo mmoja, spana kwa spana. Ada hairudishwi. Osborn alikuja na sanduku la vyombo nyuma ya baiskeli, akalitua kwa Truphena.

Njaa ilikuwa mlangoni, naye Truphena, Mungu amsamehe, aliona mzigo umemtoka kifuani. Alikimbia mpaka kwa mkwe wake, akamkuta anapepeta mtama.

"Mama, kibali kimekwisha. Ile ahadi."

"Ahadi gani?"

"Ya kumlia Laban."

Benedeta aliendelea kupepeta. Makapi yalimwangukia mapajani. "Laban yuko kwako," alisema. "Nimemwona akipita sasa hivi na baiskeli. Aliyenifia ni Osborn, mwanangu mdogo. Usiniletee mkosi wa kumlia mtu mzima."

"Mama, ulinishika mdomo. Mkono huo huo."

Mkongwe aliutazama mkono wake. Kwa muda kitu kilipita usoni pake, kikamtetemesha kidevu, halafu kikapotea. Labda alisahau kweli. Labda aliona kuwa mwanamke anayezika wana wote wawili hana sababu ya kupepeta mtama. Akainua ungo tena.

Truphena alirudi nyumbani. Osborn alikuwa amekaa kwenye kiti cha Laban, akifuta spana kwa mafuta. Truphena alisimama mbele yake.

"Shemeji Osborn. Kazi imekwisha. Rudi kwa mke wako. Mimi leo namlia mume wangu."

Osborn alimtazama kwa upole mkubwa, upole ule ule wa Laban aliokuwa akiutumia mtoto akiota ndoto mbaya. "Umechoka, mama Nasirumbi," alisema. "Kazi nyingine itapatikana. Kaa, upumzike."

Truphena hakukaa. Alilichukua koti kwenye msumari, koti la Laban, akaligeuza nje ndani, akalivaa. Lilinuka mafuta ya injini na jasho, na hakujua tena ni jasho la nani. Akatoka nalo juani, saa ya watu kurudi kutoka mashambani, mpaka kwenye kaburi lenye msalaba wa OSBORN. Akaweka mikono kichwani. Nduru aliyoimeza mwaka mzima ikatoka, na ilipotoka ilimrarua koo.

"Laban wee! Laban wangu! Umeniacha na nani!"

Walitupa majembe, wakaja mbio kama ilivyo desturi, wakasimama wakilizunguka kaburi. Mama Othieno alitangulia mbele. Walimtazama Truphena, wakatazama koti, wakageuka wakatazama nyumba. Hakuna aliyeshika kichwa chake.

"Analia nini huyu?" mtu aliuliza.

"Masikini. Kibali kimemchanganya."

Leonida alipenya katikati yao. Nywele zake zilikuwa zimeota tena, fupi, na lile koti la ujane alikuwa bado nalo, limefifia kwa jua. Alikuwa amepita mlangoni pa Truphena. Alikuwa amesimama pale mbele ya mtu aliyekaa kwenye kiti, akamwita kwa jina lake, akaona macho yakimtazama kwa heshima, kama mtu anavyomtazama mke wa mdogo wake. Alipiga magoti upande wa pili wa kaburi. Siku ya mazishi alikuwa amelia kwa amri ya mkwe wake. Sasa hakuna aliyemwamuru.

Wanawake wale wawili waliinamiana juu ya udongo mmoja, kila mmoja na koti lake.

"Laban wee!" Truphena aliita.

Kutoka ndani ya nyumba konde la kidole liligonga mwimo, mara mbili. Mtu akakohoa.

"Naam, mama Nasirumbi. Nakuja."

Watu wakapisha njia. Leonida akauinua uso, akavuta pumzi, akaita kwa nguvu zake zote.

"Osborn! Osborn wangu!"

Wakangoja. Hakuna aliyeitika.